Aliyeingia Bila Kusimama

Irene alikuwa amemaliza beseni la kwanza la vitunguu saumu na kufika katikati ya la pili, na vidole vyake vilikuwa vinawaka. Alibana kila punje kwa ubapa wa kisu, akasikiliza ganda likipasuka, kisha akalivuta. Mama yake alikuwa amesema pilau ya watu arobaini haipikwi kwa punje za kuhesabu, na kwamba kesho asubuhi hakutakuwa na muda wa kumenya kitu.

"Mia nne na kumi na mbili wamependa," Doris alisema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika simu ya Irene kwa sababu Irene hakuweza kuigusa kwa mikono ile. "Jana usiku ilikuwa mia mbili. Rafiki yangu, umekuwa mtu mkubwa."

"Joakimu je?"

"Nimeshakwambia hakuna."

"Angalia tena."

Doris aliangalia tena, polepole, ili rafiki yake aone kwamba ameangalia kweli. "Ameona. Hajajibu. Tangu jana asubuhi."

Irene alinyanyua shingo kutazama barabara. Kutoka pale uani aliona ua wa minyaa, geti la miti, na nyuma yake vumbi la Nangwa likitulia baada ya trekta kupita. Alirudisha macho kwenye beseni. Baada ya punje mbili alinyanyua shingo tena.

Kesho Joakimu angekuja na wazee kutoka Getanuwas kuleta posa. Ilikuwa imewachukua miaka mitatu kufika kesho hiyo. Baba mkubwa Yohanes, ambaye ndiye angepokea wageni, alikuwa amekataa mara mbili kusikia habari ya binti yao kwenda kwa Wadatoga, wafugaji wa bondeni. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti moja: Joakimu amekwisha kufiwa na baba, kwa hiyo mama yake mzazi aje mwenyewe. "Nitakaa kikao kimoja," alisema. "Mama asipokuja, sikai cha pili."

"Nisomee nilichoandika kwenye kundi," Irene alisema.

"Si ulikiandika mwenyewe?"

"Nisomee. Nataka kusikia kama kuna neno baya."

Doris alikohoa kidogo, akasoma kwa sauti ya kanisani.

"'Wapenzi wa Mvua ya Balangida, nimeangalia sehemu ya tisa mara mbili. Kwenye kitabu cha tatu, siku ya harusi, Qamara anasimama nje ya boma la akina Gidamis tangu mchana mpaka jua linazama. Anakaribishwa mara nne, anakataa mara nne, mpaka mama mkwe anamletea mtamba wenye uso mweupe, awe wake mwenyewe. Kwenye tamthilia anakaribishwa mara moja tu, anainama, anaingia mbio. Aliyewashauri watu hawa hajui mila za Wadatoga. Na mwanamke anayeingia bila kusimama hajui thamani yake.'"

Alishusha simu. "Hakuna neno baya. Kuna maneno makali tu."

"Ni ya kweli lakini."

"Mimi nililia alipoingia."

"Ulilia kwa sababu ya muziki."

"Nililia kwa sababu ya ile mvua, na alivyomwangalia Gidamis. Wewe umesoma vile vitabu mpaka umesahau kwamba wale watu walikuwa wanapendana. Kwa saa nne amesimama juani, anasubiri ng'ombe. Mimi ningekuwa nimeshaingia, nimekunywa na maziwa."

"Si ng'ombe wa kunywa maziwa tu, Doris. Akishapewa ni wake. Mume hawezi kumuuza bila yeye kukubali. Watoto wake watakula kwake hata wakikosa baba. Ndiyo maana anasimama. Ni siku moja tu katika maisha yake ambayo watu wazima wote wanamsubiri yeye."

"Na sisi Wairaqw tukisimama mlangoni kwa mtu baada ya kukaribishwa tunaambiwa hatuna adabu."

"Ndiyo maana Qamara alifundishwa kwanza. Yeye alitoka huku juu kama sisi. Yule bibi wa kisimani alimfundisha sura nzima. Tamthilia wamemtoa bibi, wametoa mtamba, wameacha mvua."

"Na Gidamis kifua wazi," Doris alisema. "Hilo hukulalamikia."

Irene alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na wakati anacheka akasikia pikipiki.

Aliijua sauti yake. Alikuwa ameisikiliza miaka mitatu, tangu Joakimu, daktari wa mifugo, aliposimama mbele ya duka lake la daftari na kalamu pale Katesh, buti zikiwa na matope, akauliza kama kitabu cha pili, kati ya vile vya kuazimisha, kimerudi. Pikipiki ilisimama nje ya geti. Joakimu alishuka. Nyuma yake alishuka mwanamke mrefu, mwembamba, amejitanda shuka jeusi juu ya gauni la kitenge, kichwa amekifunga vizuri.

"Mama yake," Doris alinong'ona. "Irene, ni mama yake. Si wanakuja kesho?"

Irene aliitazama miguu ya mgeni, mitupu. Alikuwa amemwona mama huyo mara mbili tu maishani, na mara zote mbili alikuwa amevaa viatu.

Mama yake Irene, Angela, alishatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. "Jamani, Mama Joakimu. Karibuni, karibuni sana. Mbona hamkutuambia? Piteni ndani."

"Asante, Mama Irene. Habari za hapa?"

"Nzuri kabisa. Karibu upite."

"Nashukuru," alisema mama huyo, Efrazia. Hakusogea. Miguu yake ilikuwa pembeni ya nguzo ya geti, kwa nje. "Hapa panatosha."

Angela alisubiri kidogo, akidhani labda mgeni anapumzika baada ya safari. "Kuna chai iko motoni. Karibu kiti."

"Asante. Nitasimama."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kuni alipunguza mwendo, akasalimia, akatazama, akaendelea kutazama hata alipokwisha kupita.

Irene aliinuka, akaenda getini. Alipiga goti kidogo, mikono ameificha nyuma. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Karibu ndani, mama."

Efrazia alimtazama. Si jicho la hasira. Lilikuwa jicho la mtu anayesoma polepole maandishi madogo. "Hiyo ni mara ya nne," alisema.

Hapo ndipo Irene alipomkumbuka Qamara nje ya boma. Alimtazama Joakimu. Joakimu alikuwa anaangalia tangi la mafuta la pikipiki yake.

"Njoo," Irene alimwambia.

Walisogea hatua kumi hivi, kwenye kivuli cha mgrivelia. Kwa siku mbili alikuwa amepanga maneno ya kumwambia, na sasa alipomwona karibu, na vumbi kwenye kope, alitaka kwanza kumpangusa. Akakumbuka vidole vyake vinanuka nini.

"Kwa nini hujibu?"

"Sikujua nijibu nini."

"Mama ana nini?"

Joakimu alivua kofia yake, akaikunja. "Uliandika aliyewashauri hajui mila za Wadatoga."

"Ndiyo."

"Ni mimi niliyewashauri."

Irene alirudi nyuma hatua moja.

"Walikuja ofisini wakitafuta mtu wa kuwaeleza habari za ng'ombe," Joakimu alisema. "Majina ya rangi, alama, namna ya kukamua. Nikawaeleza. Siku moja wakaniuliza kuhusu harusi. Nikawaambia kama ilivyo kwenye kitabu. Halafu nikawaambia na ya mama yangu. Wakaandika ya mama yangu."

"Ya mama yako ipi?"

"Yeye aliingia, Irene. Alitoka Mbulu akiwa na miaka kumi na tisa. Akakaribishwa mara moja, akasema asante, akaingia."

Maneno yake mwenyewe yalimrudia Irene masikioni kwa ile sauti ya kanisani ya Doris.

"Kwa nini hukuniambia? Miaka mitatu tunazungumza habari za kitabu hiki. Tumebishana kuhusu rangi ya shuka la Gidamis. Hili hukuniambia."

"Haikuwa habari yangu. Kuwaambia wale wa tamthilia mama aliniruhusu, kwa sababu hawamjui. Wewe alisema atakueleza mwenyewe, siku mtakayokuwa mmezoeana."

"Ungeniambia hata neno moja. Ungesema, Irene, usiandike kuhusu sehemu ya tisa."

"Ningejuaje utaandika saa hiyo hiyo? Unafikiri unaniandikia mimi kwanza?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu zamani alikuwa anamwandikia yeye kwanza. Tangu kundi lifike watu elfu mbili alikuwa ameacha.

Joakimu alishusha sauti. "Jumanne alikwenda kuangalia kwa jirani. Qamara alipoingia, watu pale ndani wakapiga makofi. Mama alijifunika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Sijawahi kumwona akiicheka ile habari, Irene. Wengine ndio huwa wanaicheka. Halafu jana asubuhi binti wa jirani akaja na simu, akamsomea uliyoandika wewe. Binti hakujua wewe ni nani kwetu. Alisoma na jina lako."

"Akasema nini?"

"Akasema kesho haji."

Irene alishika shina la mti. Aliwaza kikao kimoja, na baba mkubwa Yohanes akiinuka na fimbo yake kabla chai haijapoa.

"Leo saa saba akasema nimlete," Joakimu aliendelea. "Njia nzima hakusema kitu. Sijui anataka nini. Nakuapia sijui."

Joakimu alitaka kumshika mkono. Irene aliona mkono wake ukianza kuinuka, kisha ukarudi, kwa sababu mama wawili walikuwa wanatazama. Walitazamana tu. Katika jicho lake hakuona lawama, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

"Kaa hapa," alimwambia. "Usinifuate."

Getini, Angela alikuwa ameshaleta kigoda, na kigoda kilikuwa kimekaa peke yake vumbini. Doris alikuwa amesimama na kikombe cha chai ambacho hakuna mtu aliyekipokea. Angela alimvuta binti yake pembeni. "Umemfanya nini mgeni wangu? Watu watasema tumemzuia nje."

"Niachie, mama. Nenda ndani kidogo. Na wewe, Doris."

Walikwenda, lakini si mbali.

Irene alisimama upande wa ndani wa geti. Efrazia alikuwa upande wa nje. Kati yao kulikuwa na hatua moja.

"Joakimu ameniambia," Irene alisema.

"Amekuambia nini?"

"Kwamba ni wewe. Kwamba uliingia."

"Hakukuambia yote, maana hayajui. Alikuwa hajazaliwa." Efrazia alirekebisha shuka begani. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Mbulu, hakikuwa na haraka. "Kulikuwa na mvua. Nilikuwa nimetembea tangu asubuhi na viatu vya dada yangu, vilikuwa vinanibana. Tukafika. Mama mkwe akatoka, akaniambia karibu, ingia. Kwetu, mtu mzima akikuambia ingia, unaingia. Nikasema asante mama, nikainama, nikaingia. Nikakaa karibu na moto. Nikaona watu wote wamenyamaza."

"Hakuna aliyekuambia?"

"Nani aniambie? Kwetu hawakuijua mila ile, na kule walidhani naijua. Baba mkwe alicheka mpaka akaketi chini. Halafu nikaona pale mlangoni. Mama mkwe alikuwa na kamba mkononi. Mtamba alikuwa ameshaletwa, amefungwa tayari, mwekundu, na doa hapa." Aligusa paji la uso wake. "Wangenikaribisha mara tatu au nne, halafu wangenipa. Nimeshaingia, nipewe cha nini? Wakamfungua, akarudi kundini."

Irene aliufuata mkono ule kwa macho hadi ukashuka.

"Alizaa mwaka uliofuata. Nilimkamua mimi. Alizaa mara saba, na binti zake wakazaa. Ukiniletea kundi lote leo nitakuonyesha uzao wake, mmoja mmoja. Miaka thelathini na minne nakamua ng'ombe ambao wangekuwa wangu. Na kila harusi watu wakinywa, mmoja lazima aseme, mnakumbuka yule wa Mbulu aliyeingia mbio?"

"Mama, nisamehe. Nitafuta yale maneno sasa hivi. Nitaandika mengine."

"Usifute."

"Yamekuumiza."

"Yameniumiza, ndiyo. Ukifuta, watu watasema nilikuja kukulilia." Alimtazama Irene. "Umeandika sijui thamani yangu. Nimelifikiria hilo tangu jana. Nilipokuwa nakamua, nilifikiria. Kitu kimoja sijawahi kumwambia mtu. Nilipoingia mle ndani, kabla sijaona wamenyamaza, nilimwona baba yake Joakimu amesimama upande wa pili wa moto. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimelowa, nacheka. Hata kama yule bibi wa kitabu chenu angenifundisha, sijui kama ningesimama. Nilitaka kuingia. Nilikuwa nimetaka kuingia mwaka mzima."

Upepo ulisukuma vumbi kidogo kati ya miguu yao. Irene alifikiria alivyokaa Jumanne na kitabu cha tatu magotini, akilinganisha ukurasa na picha, ukurasa na picha, na jinsi alivyokuwa na uhakika.

"Leo umesimama," alisema.

"Leo nimesimama. Nilitaka kujua inakuwaje." Kona ya mdomo wake ilisogea kidogo sana. "Miguu inauma."

"Unataka nikupe nini, mama, ili uingie? Nina mtamba mmoja hapa, nilinunua mwenyewe kwa faida ya duka. Sisemi kwa kukubembeleza. Ukimtaka, nitamfungua."

"Nimchukue mtamba wa binti ambaye bado sijamposa? Kesho wazee watasema Efrazia amezeeka vibaya." Alitikisa kichwa. "Nataka uniambie kitu kimoja. Usiseme la kunifurahisha. Sasa umeshasikia habari yangu. Siku yako ikifika, ukafika Getanuwas, nikakuambia ingia, utafanya nini?"

Irene alijua jibu jepesi lilikuwa lipi. Lingemleta mama huyu kesho, lingemketisha baba mkubwa Yohanes, lingemaliza miaka mitatu ya kusubiri. Alitazama kule mgrivelia. Joakimu alikuwa amesimama palepale alipomwacha, kofia imekunjwa mkononi mpaka imekuwa kama kitambaa. Moyo wake ulikwenda kwake wote, kama maji kwenye mteremko.

"Ningesimama," alisema. "Nampenda Joakimu, mama. Lakini bado ningesimama."

Irene alisikia nyuma yake mfuniko wa sufuria ukidondoka, pale ambapo Doris alikuwa anajifanya anafanya kazi.

"Mpaka saa ngapi?" Efrazia aliuliza.

"Mama?"

"Ungesimama mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua lizame. Kama kwenye kitabu."

"Hapo sawa," Efrazia alisema, na macho yake yakawa yamejaa, ingawa uso haukubadilika. "Usije ukaniaibisha ukaingia mapema. Mimi ndiye nitakuwa na kamba mkononi siku hiyo. Nimemngojea miaka thelathini na minne mtu wa kumkaribisha mara nne. Ukikubali ya kwanza nitakurudisha nje mwenyewe."

Irene alicheka na kulia kwa pamoja. Alipotaka kujifuta machozi, Efrazia alimdaka mkono.

"Na vitunguu hivyo? Utapofuka."

Alimfuta kwa pindo la shuka lake jeusi, taratibu, jicho moja kisha la pili. Kisha akatazama ndani, kwenye beseni. "Hivyo ni vya kesho?"

"Ndiyo, mama."

"Nani amekufundisha kumenya kwa kisu? Unaharibu punje. Leta hapa."

Irene alileta beseni. Hakujua aliweke wapi, kwa hiyo alilishika tumboni, akavuka ile hatua moja, akasimama nje ya geti karibu na mama mkwe. Efrazia alichukua vitunguu viwili vizima, akavisugua kati ya viganja vyake vikavu, na maganda yakaanza kuanguka yenyewe. Alikataa kigoda. Alimenya akiwa amesimama.

Angela alistahimili kwa dakika chache. Halafu akatoka, akasimama upande wa pili wa beseni, akaanza kusugua. Doris alikuja na kile kikombe cha chai kilichopoa, na safari hii kilipokelewa.

"Mama Joakimu," Doris alisema, "hebu niambie ukweli. Sehemu ya tisa, wewe mwenyewe uliionaje?"

"Nzuri," Efrazia alisema. "Ila mume wangu hakukaa kifua wazi. Kulikuwa na baridi."

Hata Angela alicheka. Joakimu, kule chini ya mti, aliinua kichwa, na Irene alimwona akivuta pumzi ndefu mabega yakashuka. Wakatazamana juu ya beseni na juu ya vichwa vya mama zao. Alitaka kwenda kwake. Alibaki alipo, mikono imeshika beseni.

Jua lilipoanza kuugusa mlima Hanang, Joakimu alisogea taratibu. "Mama, barabara ile si ya kwenda gizani."

"Nimesikia." Efrazia alikung'uta maganda kwenye gauni. Katika beseni vilikuwa vimebaki vitunguu kama thuluthi moja. Angela alinyoosha mkono kulichukua. "Tutamalizia sisi leo hii, Mama Joakimu. Umetusaidia sana."

"Msimalize," Efrazia alisema. Alikuwa ameshapanda nyuma ya pikipiki, amejifunga shuka vizuri. "Funikeni, wekeni hapa hapa karibu na geti. Kesho wazee wataingia. Mimi nitahitaji kitu cha kufanya nikiwa nimesimama."